Kadi ya Nyumba Namba Kumi na Moja

Mtaa wa Mwisho, Embu
14 Januari 2024

Shosho,

Nakusalimia, na masikio yako pia nayasalimia hata kama hayasikii. Mara ya mwisho nilipiga simu ulisema "nani?" mpaka simu ikazima yenyewe. Ndio maana nimetafuta karatasi. Usicheke mwandiko. Unajua niliachia darasa la sita, na huu mkono umezoea sepetu. Barua nimempatia Gachoki, yule wa pikapu ya ndizi. Amesema Ijumaa atakuwa huko Kanyakine.

Mimi niko tu. Bado napakia mchanga Kiritiri. Huko ni jua, mbuzi zinakula hata magunia. Kuku zimebaki mbili. Ile nyekundu ilibebwa na mwewe nikiwa nimesimama hapo hapo. Niliangalia tu, sikurusha hata jiwe.

Sasa kitu imenifanya niandike. Jumatatu watu wa kaunti walikuja na rangi. Wameandika namba nyekundu kwa ukuta ya kila nyumba huku Mwisho, zote thelathini na mbili. Wanabomoa wajenge flati. Walituita pale kwa duara penye basi ya zamani ilikuwa inageukia. Bwana mmoja wa ofisi anaitwa Mutugi akasoma karatasi. Mwenye jina kwa kadi ya nyumba atapewa flati moja, lakini lazima akuje mwenyewe na miguu yake na kitambulisho, kabla ya tarehe 28 Juni. Asipokuja, hiyo nyumba inahesabiwa haina mtu, na wenye wanaishi ndani watoke.

Kadi ya namba kumi na moja iko na jina yako, tangu babu Njiru afariki. Mimi niko ndani na sina jina popote.

Kuna msichana pia anazunguka na kitabu, anaitwa Kagure. Anaandika historia ya mtaa kabla iangushwe. Anapenda hizi nyumba sana. Anasimama mbele ya ukuta anaugusa, unaweza fikiria ni kanisa. Alipima ile kiti ya simiti ya veranda yetu na futi, akaniuliza, "Mbona iko na mashimo mawili, moja ndogo moja kubwa?" Sikujua. Nilisikia haya, nikaenda nyuma kuosha sufuria yenye ilikuwa safi.

Kuja Shosho. Siku moja tu.

Ni mimi,
Muthomi


Kanyakine
4 Februari 2024

Mjukuu wangu,

Gachoki ameikalia barua yako siku kumi, imefika ikinuka ndizi. Hapa tuko wazima. Ng'ombe amezaa dume, kwa hivyo hakuna wa kumshukuru. Kahawa imechanua kabla ya wakati. Mwandiko wako ni kama kuku amepita, lakini nimeusoma wote. Unakula nini? Usiniambie ugali na chumvi.

Huyo msichana wa kitabu mwambie aandike hivi, asije akaandika uongo wa watu wa namba tatu.

Mtaa ulizaliwa na basi. Kabla ya basi hapo juu palikuwa vichaka na fisi. Serikali ilitaka makarani na manesi na wapimaji wasilale mjini, mjini kulikuwa na mbu na ulevi. Wakajenga nyumba huko juu kwenye baridi, mawe mpaka dirishani, vigae vyekundu, kila nyumba na kashamba nyuma ka sukuma wiki. Lakini nani atapanda huo mlima kila siku kwa miguu? Ndiyo wakaleta basi. Ilikuwa ndogo, tukaiita Kanini. Ilitoka sokoni, ikapita hospitali, ikapita kwa ile miti ya mikima, ikafika kwa duara. Hapo kondakta anapiga kelele, "Mwisho! Mwisho!" Jina likabaki.

Kondakta huyo ndiye babu yako.

Ona nyumba zote zinaangalia barabara. Hakuna hata moja imeipa barabara mgongo. Ni kwa sababu ya kungoja basi. Kila mtu alikuwa na kiti chake cha simiti, na kila nyumba ilijulikana inapanda ya ngapi. Namba moja inapanda kwanza, mpaka namba thelathini na mbili. Hakuna kusukumana. Ukichelewa, Njiru anagonga kile chuma cha reli kwenye mkima mara tatu, na ukitoka na mswaki mdomoni mtaa wote unakucheka mpaka Jumapili. Mimi nilikuja hapo nimeolewa mwaka wa sitini na saba. Siku ya kwanza nilipanda basi kabla ya mke wa namba nne. Aliniambia, "Wewe msichana wa Meru, huko kwenu hamhesabu?" Nikashuka, nikapanda tena.

Mashimo ya kiti ni ya kukaliwa miaka mingi, kubwa ni langu. Aandike hivyo.

Basi ilikufa mwaka wa themanini na nne. Ilikufa kwa duara, ikakaa hapo miezi, kuku wakataga ndani. Baada ya hapo maduka yakafungwa, lakini watu waliendelea kukaa nje asubuhi kama wanangoja. Hata mimi.

Kuja sitaweza. Magoti. Mwambie huyo Mutugi nimeandika na mkono wangu kwamba wewe ukae.

Nimekutumia ndizi za kupika, usiwape jirani wote.

Shosho yako


Mtaa wa Mwisho
27 Februari 2024

Shosho,

Ndizi zilifika. Nilipika zikaisha. Asante.

Kagure alisoma barua yako kwa veranda kwa sauti. Pale kwa mswaki alicheka akalala kwa ile kiti. Amesema hiyo ya kupanda kwa namba hajawahi sikia mtu akisema. Tulizunguka na yeye mtaa mzima nikimbebea futi. Mimi nimeishi hapa maisha yote na sikuwa najua kwamba milango yote imewekwa upande ya kushoto ndio usigongane na jirani ukikimbilia basi. Sasa naona. Kile chuma bado kiko, lakini mkima umekua ukakimeza nusu, kimebaki kama ulimi. Nilikigonga kidogo. Haikulia vizuri.

Mutugi amekataa barua. Nilimpelekea nikiwa nimevaa viatu. Akasema, "Kijana, karatasi haina miguu." Watu kwa foleni wakacheka, nikatoka.

Alafu huku kuna kitu imeanza. Watoto wa mzee Nyamu, namba nane, mzee mwenyewe hataki kushuka mjini, ni mkaidi. So wameenda kwa chifu wakaandika amekufa, ndio flati ikuje kwa jina yao. Juzi nilimpata amekaa nje anakunywa uji. Nikamsalimia. Akaniambia, "Usinisalimie, mimi nimezikwa Jumanne."

Gachoki anasema alikuona Nkubu sokoni umebeba debe kwa kichwa, na nyingine kwa mkono. Anasema ulimpita kwa mlima. Mimi sisemi kitu juu ya magoti. Nasema tu venye nimeambiwa.

Tarehe kumi na tisa ilikuwa mwaka mmoja tangu mama afariki. Sikufanya chochote. Nilienda Kiritiri nikapakia lori mbili. Bado nalala jikoni. Chumba ya mbele iko venye ilikuwa.

Muthomi


Kanyakine
25 Machi 2024

Mjukuu wangu,

Mvua imefika huku, asante Mungu, tumepanda maharagwe. Yule dume tumemuuza. Gachoki mwambie aangalie barabara, asiangalie wanawake wazee na madebe yao.

Nimefikiria mambo ya Nyamu. Watoto wake si wajinga. Enda kwa chifu, andika nimekufa. Jina langu ni la kufa hata hivyo, nina miaka sabini na tano. Chukua hiyo flati, lala kwa kitanda kama mtu, uache jikoni. Sitasikia vibaya. Hapa Kanyakine hakuna atakayejua kwamba Embu nimezikwa.

Ukienda, vaa shati ya kola.

Shosho yako


Mtaa wa Mwisho
9 Aprili 2024

Shosho,

Natumai maharagwe imeota. Huku kumenyesha mpaka barabara ya Kiritiri imekatika, tumekaa siku nne bila lori. Kuku imebaki moja.

Nilienda kwa chifu. Nilivaa kola. Karani akatoa fomu, akaniuliza, "Marehemu ni nani?" Kalamu ilikuwa kwa mkono. Nilikuwa nimejaza hiyo fomu mwaka jana, ni hiyo hiyo moja, nilijua hata pale kwa tarehe penye mstari umepinda. Nikamwambia huyu yuko hai. Akasema, "Sasa umekuja kufanya nini hapa, kunisalimia?" Nikasema ndio. Nikaenda.

Siwezi kuandika hiyo fomu mara mbili. Hata kama ni ya uongo.

So flati itaenda. Nimeuliza chumba huko Kiritiri nyuma ya duka ya mkaa. Ni ndogo lakini mtu anaingia.

Shosho mimi si mtu ya maneno. Lakini nikikaa nimenyamaza huwa naona vitu. Barua zako zote ziko hapa kwa meza. Umeandika jina ya Gachoki. Umeandika jina ya Nyamu, na Njiru, hata ya basi. Yangu hujawahi andika. Hata ukikuja ile Krismasi uliniita "wewe kijana". Na mama yangu alizikwa, mtoto wako ni huyo mmoja tu, na hukukuja. Watu waliuliza. Nikasema ni magoti. Mimi ndio nilianza hiyo ya magoti, alafu naona na wewe ukaichukua.

Sijakasirika. Nauliza tu ni nini tulifanya.

Muthomi


Kanyakine
2 Juni 2024

Mjukuu wangu,

Barua yako imekaa ndani ya Biblia yangu karibu miezi miwili. Gachoki amekuwa akipita kila Ijumaa kuuliza kama kuna kitu cha kubeba, nampa ndizi. Maharagwe tumevuna. Ndama mwingine yuko njiani, wa ng'ombe wa pili.

Nitaandika mara moja, usiniulize tena.

Njiru hakuwa na ndugu, wala mtoto wa kiume. Alikuwa na Ruguru, mama yako, peke yake. Kwao na kwetu, msichana akizaa akiwa bado kwa baba yake, mvulana wa kwanza anachukua jina la huyo baba. Ndivyo mtu anaendelea kuitwa akiwa ameondoka. Njiru alikufa mwaka wa tisini na sita. Wewe ulizaliwa tisini na tisa. Mimi nilihesabu miezi tisa nikiwa na furaha, na nilikuwa na aibu ya hiyo furaha, kwa sababu kanisani walikuwa wananihurumia.

Mama yako akatoka hospitali na wewe kwa shali. Nikasema, "Karibu nyumbani Njiru." Akasema, "Mama, anaitwa Muthomi." Hilo lilikuwa jina la baba ya yule kijana wa Nkubu aliyemtia mimba. Alikuwa ameahidi kuleta watu wake. Ruguru akampa mtoto jina lao kama mke aliyeolewa, akidhani wataona aibu waje. Hawakuja. Hata mtu mmoja hakuja kuuliza njia.

Nilisimama kwa veranda. Ilikuwa asubuhi, watu wote wako kwa viti vyao. Nikasema: ndani ya hii nyumba sitakula wala kunywa, maadamu hilo jina linaitwa humo. Na nikila, nimzike mtoto wangu.

Nilisema hivyo. Mwanamke wa kanisa, na kitambaa kichwani. Mke wa namba nne akaniambia, "Ciakuthii, yarudishe." Sikuyarudisha. Nikafunga nguo, nikaja huku kwa shamba la baba yangu.

Halafu ukaja kunichukua ile Krismasi ya elfu mbili ishirini na mbili, umekuwa mtu mzima, una mabega ya Njiru. Nilisema miaka imepita, hayo ni mambo ya hasira. Ulinimiminia chai. Nikanywa. Mama yako alikaa mbele yangu na hakugusa kikombe chake. Alikuwa ananiangalia tu nikinywa. Nilijua amekumbuka maneno yangu.

Wiki nane, akafa.

Sasa ningesimama kwa hilo kaburi nikiwa nani? Na unaniambia nije nitie sahihi kwa hiyo nyumba.

Kosa halikuwa lako. Ulikuwa mtoto kwa shali.

Shosho


Mtaa wa Mwisho
7 Juni 2024

Shosho,

Gachoki alinipatia barua kwa mkono, akasema ulimwambia asiikalie. Nimesoma mara mbili. Nikaenda kazi. Nikarudi nikasoma tena. Huku ni wazima.

Mama alikuwa mgonjwa kabla ukuje. Ilikuwa saratani ya koo. Daktari alituambia mwezi wa tisa, miezi tatu kabla ya hiyo chai. Mimi ndio nilikuwa nimeketi hapo kando yake. Daktari alisema Pasaka ni ngumu kufika.

Alinikataza nisikuambie. Alisema, "Mama akijua atakuja kunihurumia. Mimi nataka akuje tu." Ndio nikakuja Kanyakine nikakudanganya ni mambo ya Krismasi.

Hakukunywa chai kwa sababu haikuwa inapita. Alikuwa anakunywa maji na kijiko, na hiyo pia inarudi. Ile skafu alivaa ni ya kuficha shingo. Alimiminiwa kikombe ndio usijue.

Na hakukuangalia vibaya. Mimi nilikuwa kwa mlango naona. Ulipotoka kwenda kwa choo aliniambia, "Umeona amemaliza?" Usiku akasema tena. Kesho yake akasema tena, "Alimaliza yote." Sikujua ni maneno ya nini. Nilifikiria ni ugonjwa unamfanya arudie.

Ningekuambia mapema. Lakini nilikuwa nimeahidi, na akafa, na mimi nikaendelea kuahidi. Sikujua kuna mtu anaumia juu ya chai. Nilifikiria tu hukumpenda, nikaizoea.

Jina siwezi kubadilisha, iko kwa kitambulisho.

Tarehe ni 28. Gachoki anatoka huko Jumanne na Ijumaa. Nimemwambia kiti ya mbele aipanguse.

Muthomi


Kanyakine
30 Juni 2024

Muthomi,

Nimefika salama. Gachoki aliniteremsha mpaka mlangoni, na njiani alinihadithia maisha yake yote akinigeuzia mdomo niusome badala ya kuangalia barabara, kwa hivyo nilishika Biblia. Chai yako ya asubuhi ilikuwa na sukari nyingi sana lakini niliimaliza. Nilidhani nitalia nikiingia kile chumba cha mbele. Sikulia. Nilikaa kwa kitanda cha mama yako, nikaangalia ukuta, nikatoka. Labda kilio kitakuja baadaye. Hata kaburini ilikuwa hivyo, niliona tu kwamba nyasi zimekatwa vizuri. Ni wewe umekata.

Wewe ulibaki nje ya ofisi na wengine, kwa hivyo hukuona. Nakuandikia ujue yaliyofanyika ndani.

Tuliitwa kwa namba za nyumba, na Kagure akaingia na mimi kuniandikia nisiyosikia. Wazee wote wakasimama kwa mstari bila kuambiwa, namba moja mpaka thelathini na mbili, na Mutugi akashangaa akasema, "Nani amewapanga?" Hatua chache mbele yangu alikuwa Nyamu. Kumbe mkaidi ameshuka. Mutugi akatazama karatasi akasema, "Mzee, wewe hapa umekufa." Nyamu akasema, "Na wewe ndiye nimekutana naye? Basi ni kubaya nilikoenda." Watu walicheka mpaka askari akachungulia. Mutugi mwenyewe alicheka, akalifuta hilo neno.

Mimi nikatoa kadi na kitambulisho. Akalinganisha. Akaniwekea kidole kwa wino, nikamwambia najua kuandika, akanipa kalamu. Nikatia sahihi. Halafu akasema kitu sikusikia, Kagure akaniandikia kwa kitabu chake: *Anauliza mrithi wako ni nani.*

Nikasema, Muthomi.

Kagure akaandika tena: *Wa nani?*

Nilijua kwa kitambulisho unaitwa Muthomi Ruguru, na ndivyo Mutugi amejaza. Lakini kulikuwa na nafasi pembeni, ya uhusiano. Nikamwomba ile kalamu. Akasema wao ndio wanajaza, si sisi. Nikaendelea kunyoosha mkono. Nyuma yangu watu wa namba kumi na mbili wakaanza kupiga kelele, "Mpe mama kalamu, tuende nyumbani!" Akanipa.

Nikaandika mwenyewe: *Mjukuu wa Njiru, kondakta.*

Mutugi aliisoma, akapiga muhuri juu yake.

Nyumba wataivunja mwezi wa nane. Hiyo sitakuja kuangalia, na wewe usiangalie. Chukua siku hiyo uje huku, ndama atakuwa amezaliwa na sina mtu wa kumfunga.

Ciakuthii, Shosho yako